Buibui, ua na kinyonga: maoni yatolewe vipi, na uhariri uishie wapi

Swali: Ninaongoza wageni katika msitu wa Amani, wilayani Muheza, na jioni ninafundisha kikundi cha vijana wa vijiji vya jirani kupiga picha za karibu: wadudu, maua, vyura, vinyonga. Wengi wanatumia simu na ile lenzi ndogo ya kubana. Kamera yenye lenzi ya makro tunayo moja, tunapokezana. Nikiwaambia picha ni nzuri wanaridhika na hawasogei mbele. Nikikosoa wananyamaza, na safari ijayo mmoja haji. Halafu kila mtu anazidisha rangi mpaka majani yanawaka. Nakutumia picha tatu: buibui mrukaji, ua la Saintpaulia na kinyonga. Wewe ungezizungumziaje mbele yao? Uhariri uishie wapi? Na tunataka kuchapisha moja kwa ukubwa wa A3 tuitundike kwenye banda la wageni. Tuchague ipi?

Jibu: Dada yangu, nianze na jambo dogo ambalo lingeweza kuharibu jibu lote. Mara ya kwanza ulinitumia picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, na WhatsApp huzibana. Simu ilipiga fremu ya pikseli 4000 kwa 3000, mimi nikapokea nakala yenye pikseli 1600 hivi upande mrefu. Kwa picha ya harusi hasara hiyo haionekani. Kwa buibui mwenye urefu wa milimita chache, ndiyo inayofuta manyoya. Nilipokuomba uzitume tena kama dokyumenti, manyoya yalikuwepo. Kwa hiyo kikundi kikubaliane kwamba maoni yanatolewa juu ya faili la asili, likikuzwa kwenye skrini hadi asilimia 100, na kando yake ziwepo fremu nyingine zilizopigwa dakika ileile. Mara nyingi kijana huchagua fremu ambayo mdudu ni mkubwa zaidi na kuiacha ile iliyo kali zaidi. Ukiziona zote, huenda neno lako la kwanza likawa: "Mbona hii uliiacha? Hii ndiyo picha yako." Neno hilo litamfaa kuliko sifa nyingi.

Picha ya buibui ndiyo yenye mengi, kwa hiyo nitaikalia. Buibui yuko juu ya jani la iliki, amepigwa kutoka juu kwa mwanga wa tochi ya simu. Aliyeipiga ana jicho. Jani limekatisha fremu kwa mshazari, na buibui ameachiwa nafasi mbele yake badala ya kubanwa katikati. Ningeanzia hapo, na ningemwonyesha kwa kidole kwenye skrini, kwa sababu hilo alilifanya yeye na anaweza kulirudia kesho. Tatizo liko kwenye ukali. Tumbo la buibui limetoka safi kiasi kwamba unaweza kufuata unywele mmoja mmoja, lakini uso umefifia, na usoni ndiko yaliko yale macho mawili makubwa ya mbele yanayomfanya mtu asimame kumtazama buibui wa aina hii.

Kilichotokea si mkono mzito wala simu mbovu. Kadiri unavyokisogelea kitu, ndivyo eneo linalotoka kali linavyozidi kuwa jembamba. Chukua kamera yenu. Ikiwa ni ya fremu kamili na lenzi ya makro iko kwenye kipimo cha moja kwa moja, yaani mdudu anaangukia kwenye kihisi, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, akiwa na ukubwa wake halisi, basi kwenye f/8 (namba ya tundu la lenzi; ikikua, tundu linapungua) eneo lenye ukali lina unene wa milimita moja hivi. Ukifika f/16 unapata kama mbili. Ukizidi kulibana tundu la lenzi hadi f/22 na kuendelea, mwanga unatawanyika kwenye kingo za tundu na picha nzima inalegea, hata pale fokasi ilipolenga sawasawa. Simu ina kihisi kidogo, kwa hiyo inakupa unene zaidi, lakini ukishaibandika lenzi ya kubana unene huo nao unayeyuka. Sasa fikiria buibui aliyetazamwa kutoka juu kwa pembe. Mgongo uko karibu na lenzi, uso uko mbali na chini. Fokasi ya simu imeshika kilicho karibu. Ilifanya kazi yake. Pembe ndiyo iliyokuwa na kosa.

Hapa ndipo watu hukimbilia kidhibiti cha kunoa, na kijana wenu amekimbilia huko: kila mguu umezungukwa na mstari mweupe, na jani limetoka mabaka yasiyokuwepo. Kunoa hakurudishi kitu ambacho lenzi haikukishika. Kazi yake ni kuongeza tofauti ya mwanga na giza pale ambapo tayari kuna ukingo, jicho likadhani limeona zaidi. Pasipo na ukingo, hakuna cha kunoa. Tena simu hunoa picha yenyewe kabla hata hujaifungua, kwa hiyo ukiongeza unanoa mara ya pili.

Ndiyo maana naamini maoni kuhusu picha ya karibu yana kazi moja kubwa: kumrudisha mpigaji kwenye jani. Kasoro nzito za picha hizi, yaani fokasi, pembe, mtikisiko na mwanga mkali, hazirekebishwi mezani. Zinarekebishwa kwa magoti na viwiko. Kijana huyu ningemwambia maneno machache tu: "Ukali umeangukia mgongoni. Safari ijayo shuka mpaka usawa wa uso wake." Kisha ningemwonyesha namna. Aegemeze viwiko chini au kwenye shina. Aifunge fokasi kwa kukandamiza kidole kwenye skrini mpaka ijifunge, asiiguse tena. Halafu ausogeze mwili wake mzima mbele na nyuma taratibu huku akipiga fremu mfululizo. Kati ya fremu hizo, moja itapita sawasawa kwenye macho. Kwenye kamera ni hivyohivyo: fokasi ya mkono, na mwili ndio unaolenga.

Buibui mrukaji ana wema wake. Anaona vizuri sana, na ukitulia atageuka mwenyewe akutazame. Lenzi za macho yake ya mbele hazizunguki. Kinachozunguka ni mirija ya ndani yenye retina. Kwa hiyo macho hayo yakionekana meusi kabisa, mara nyingi ni dalili kwamba anakutazama wewe. Wafundishe vijana kuingoja sekunde hiyo. Ni somo la subira, na mtu akishaliona kwa macho yake hatakubali tena picha ya mgongo.

Kanuni ya macho ina mipaka yake, na ni vizuri waijue wasiigeuze sheria. Kipepeo aliyetandaza mabawa, picha ni mabawa. Kamera iwe sambamba nayo ili eneo lile jembamba la ukali liyafunike yote. Uyoga hauna macho. Kereng'ende anayepigwa ubavuni anataka kichwa, kifua na mkia vikae kwenye bapa moja. Swali la kujiuliza ni lilelile: eneo langu la ukali ni jembamba, nalilaza wapi?

Mwanga wa tochi ndio ulioacha yale madoa meupe kwenye macho na tumbo. Sehemu iliyoungua hivyo haina rangi tena, na ukiipunguza mwanga kwenye programu inageuka kijivu. Dawa yake ni kulainisha mwanga kabla haujamfikia mdudu. Karatasi nyeupe mbele ya tochi inatosha. Kipande cha kopo jeupe la mtindi ni bora zaidi, kwa sababu kinavumilia umande. Kiwe karibu na mdudu kadiri inavyowezekana bila kumgusa, maana mwanga ukitoka kwenye eneo pana lililo karibu unakuwa mwororo. Mwenye flashi ya kamera afanye vivyo hivyo. Flashi ina faida nyingine pia: mlipuko wake ni mfupi sana, kwa hiyo inagandisha mtikisiko ambao kwenye kivuli cha msitu kasi ya shata peke yake isingeuweza.

Kuhusu vifaa, neno moja tu. Simu nyingi za bei nafuu zina kamera ya pembeni iliyoandikwa makro yenye megapikseli mbili. Waambie waiache. Kamera kuu ya simu hiyohiyo, ikibanwa ile lenzi ndogo mbele, hutoa picha nzuri zaidi kwa mbali.

Baada ya hayo nililihariri faili la buibui nione linaweza kufika wapi. Nilianza upya kutoka faili la asili, kwa sababu lililokwisha kunolewa halirudi. Nilipunguza mwanga wa sehemu zinazong'aa kidogo. Kona ya juu kulia kuna jani kavu la njano linalovuta jicho. Sikulifuta, nililitia giza kwa brashi mpaka likatulia. Nilisafisha chengachenga, vile vinukta vinavyotokea mwanga ukiwa hafifu, kwenye mandharinyuma peke yake, kwa sababu ukisafisha na mwilini unaondoka na manyoya. Mwisho kabisa, baada ya kukata fremu, nilinoa kidogo sehemu iliyokwisha kuwa kali, na hapo tu. Karibu kazi yote hiyo inafanyika kwa programu ya Snapseed kwenye simu, bila malipo. Mwenye kompyuta anaweza kutumia darktable au GIMP, nazo ni za bure. Picha imependeza kuliko mwanzo. Lakini uso bado umefifia, na hilo ndilo ningetaka kijana alione: nakala yangu na yake zikiwa kando kwa kando, zote mbili na uso uleule.

Sasa ua. Saintpaulia ni mwenyeji wenu kabisa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliukusanya mmea huu na kuupeleka kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akauandika kwa sayansi na kuupa jina la ofisa huyo. Leo maua yake yako kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, katika rangi zilizotengenezwa na wafugaji wa mimea: waridi, nyeupe, ya mabaka. Kwa hiyo mgeni anayefika Amani akauona mmea wenyewe kwenye mwamba wenye kivuli, anachotaka kujua ni rangi yake ya asili. Nanyi mmemwonyesha bluu.

Najua ilivyotokea. Urujuani huzisumbua kamera nyingi, huuvuta upande wa bluu. Pia chini ya miti mwanga umechujwa na majani, umekuwa wa kijani, na kamera inapojaribu kuuondoa ukijani huo inavuruga rangi nyingine. Kisha aliyehariri akaona rangi imepoa, akapandisha kidhibiti cha ukolezo, na bluu ikawa bluu zaidi. Tazama petali: mishipa yake midogo imepotea. Rangi moja ikijaa kupita kiasi, tofauti ndogondogo ndani yake hufutika, na ua linabaki bapa kama karatasi iliyopakwa wino. Tazama pia vile vifuko vya chavua vya njano katikati. Vimekuwa doa moja lisilo na umbo.

Dawa ni rahisi na ningependa iwe desturi ya kikundi. Kabla ya kuondoka kwenye ua, piga fremu moja yenye karatasi nyeupe kando yake, kwenye mwanga uleule. Nyumbani, rekebisha mizani ya weupe kwenye fremu ya karatasi kwanza, mpaka karatasi iwe nyeupe isiyoegemea rangi yoyote, kisha tumia vipimo hivyohivyo kwenye picha ya ua. Kama kamera inaruhusu, pigeni faili ghafi la RAW, kwa sababu mizani hiyo inaweza kubadilishwa baadaye bila kuharibu kitu. Bado urujuani unaweza kukuhitaji umalizie kwa jicho, na jicho linasahau upesi. Rangi ihaririwe siku ileile, na ikiwezekana hapohapo, simu ikiwa kando ya ua lenyewe. Simu zenye skrini ya AMOLED huwa na chaguo la rangi kali na chaguo la rangi za asili. Wachague la asili, la sivyo wanahariri skrini wakidhani wanahariri ua. Na wasihariri gizani usiku. Skrini gizani inaonekana kama taa, mtu anaishusha picha mwanga, na asubuhi ikienda kuchapishwa inatoka nyeusi.

Kwa maneno ya mdomo ningemwambia mpigaji wa ua: "Hili umelilaza vizuri, petali zote ziko kwenye ukali, na ulisubiri upepo utulie. Rangi rudi uiangalie mbele ya ua." Basi.

Kinyonga nimemwacha mwisho kwa sababu hapo maoni yangu ni ya namna nyingine. Kichwa kimejaza fremu, mdomo wazi, ngozi imekuwa nyeusi mabaka mabaka, na aliyehariri ameipandisha rangi ya kijani ili mnyama apendeze. Umeandika kwamba vijana wanaipenda kuliko zote kwa sababu kinyonga "anaonekana mkali." Dada, kinyonga huyo anaogopa. Mdomo wazi na ngozi iliyotiwa giza ni ishara zake za kumfukuza anayemtisha, na aliyemtisha ni mwenye simu. Hapa maoni kuhusu fokasi yangoje. Ongea nao kwanza kuhusu namna picha ilivyopatikana: alishikwa mkononi? alihamishwa kijiti? watu walikuwa wangapi wamemzunguka? Uliza bila ukali, maana katika nchi yetu watu wengi wanamwogopa kinyonga hata kumgusa kwa fimbo, na kijana aliyemsogelea kwa mapenzi ni wa kutunzwa. Lakini ajue kusoma mwili wa mnyama na kurudi nyuma anapouona umebadilika. Rangi ikianza kuwa nyeusi, kazi imekwisha.

Sasa utaona kwa nini kuipandisha ile kijani kumenisumbua kuliko bluu ya ua. Rangi ya kinyonga ni habari. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha, kwa kinyonga wa Madagaska, kwamba mnyama hubadili rangi kwa kusogeza na kubana fuwele ndogo sana za guanini ndani ya seli za ngozi yake, na mwanga unaorudishwa nazo ukabadilika. Hali yake iko kwenye ngozi. Ukimtoa giza kwa programu, umefuta ushahidi kwamba alikuwa na hofu, na anayeitazama picha anadhani hivi ndivyo kinyonga wa Usambara anavyokaa siku zote.

Kuna na suala la pembe. Fremu imekatwa kwa karibu mno, ncha za pembe zimeachwa nje. Kwenye milima yenu hilo si suala la urembo peke yake. Vinyonga wenye pembe mbili wa milima ya mashariki ya Tanzania waliwekwa kwa miaka mingi chini ya jina moja, Kinyongia fischeri, mpaka watafiti walipoligawa kundi hilo mwaka 2008; Usambara ya Mashariki ikabaki na Kinyongia matschiei na Kinyongia vosseleri. Wanatofautishwa kwa mambo kama umbo la pembe na magamba ya kichwani na mgongoni. Picha yenu imekata pembe, haina mgongo, na programu ya kunoa imechora magamba ambayo siwezi kuapa kwamba yapo. Picha kamili ya ubavu, hata ikiwa ya kawaida tu, ingemwambia mtaalamu huyu ni nani. Waambie vijana: kabla ya ile ya kuvutia, piga kwanza ile ya kumtambulisha. Mnyama mzima ubavuni, kisha kichwa, kisha ndiyo ucheze. Kwa mmea ni ua, jani juu na chini, na mahali unapoota. Kwa buibui ni uso na mgongo. Picha za namna hiyo zikiwekwa iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe, pamoja na tarehe na mahali, wataalamu wa nchi nyingine wanaweza kuzitambua, na kijana wa kijijini anakuwa ameongeza kitu kwenye maarifa ya msitu wake.

Kwa hiyo uhariri uishie wapi? Mpaka wangu mimi ni huu: chochote kilichokuwa kwenye jani kinabaki kwenye jani. Kukata fremu, kurekebisha mwanga na mizani ya rangi, kutia giza kinachosumbua, kusafisha chengachenga, kuondoa doa la vumbi lililo kwenye kihisi, hayo sina shida nayo. Kuunganisha fremu kadhaa zenye fokasi tofauti ili mdudu mzima atoke mkali nako nakubali, mradi kitu kilikuwa kimetulia na mtu akiulizwa aseme. Sikubali kufuta vidukari kwenye shina, kuziba tundu lililotafunwa na kiwavi, wala kumpa buibui mguu wa nane wakati alikuwa na saba. Buibui hupoteza miguu, na akiwa bado anakua anaweza kuotesha mwingine anapojivua ngozi. Huo mguu uliokosekana ni maisha yake. Zile programu za akili unde zinazokuza picha na "kurudisha" maelezo, waziogope kuliko zote. Hazirudishi, zinabuni. Kwenye uso wa mtu utagutuka. Kwenye magamba ya kinyonga hutagutuka, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mipaka hii si ya kwangu peke yangu. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, linaloandaliwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, huruhusu marekebisho ya mwanga na kukata, na hukataza kuongeza au kuondoa vitu. Mwaka 2018 waandaaji walifuta ushindi wa picha moja ya mwaka uliotangulia baada ya wataalamu kuamua kwamba mnyama aliyeonekana ndani yake alikuwa wa kukaushwa. Mpiga picha aliendelea kukana. Picha ya viumbe inaaminiwa kabla haijapendwa, na imani hiyo ikishavunjika, ustadi wote wa mwanga hauirudishi.

Nirudi kwenye ukimya wa vijana wako, maana nadhani ndilo swali lililokuleta. Kijana aliyelelewa vizuri kwetu hambishii mkubwa mbele za watu. Ukimkosoa mbele ya wenzake ananyamaza, na kwenye ukimya huo mna heshima na mna aibu, huwezi kujua kipi ni kipi. Kwa hiyo usianze na picha yake. Weka ya kwako kwenye skrini, waulize wangeibadilisha nini, na wakisema jambo la maana lifuate pale pale mbele yao. Wakishaona kwamba picha inazungumziwa na mwenyewe habomoki, watafungua simu zao. Kisha kwa kila picha mwenyewe aseme kwanza: "Ulitaka nione nini?" Swali hilo linakuokoa na kumkosoa mtu kwa picha ambayo hakukusudia kuipiga. Pengine mwenye buibui alitaka michoro ya mgongo. Basi fokasi yake ilikuwa sahihi, na mazungumzo yanakuwa ya mwanga tu.

Baada ya hapo taja unachokiona na mahali kilipo. "Nzuri" haimwambii arudie nini, na "haina ukali" haimwambii abadilishe nini. Mpe jambo moja la kufanya safari ijayo, mengine yaache hata kama unayaona. Na safari ijayo uliza kuhusu jambo lile lile moja. Kijana akijua kwamba ulikumbuka, atarudi. Yale mazito, kama ya kinyonga, yaseme pembeni, mkiwa wawili njiani.

Jambo la usalama wa viumbe msilisahau. Picha ikitumwa kama dokyumenti, kama nilivyokuomba, hubeba ndani yake tarehe na mara nyingi mahali hasa ilipopigwa. Kwangu haina neno. Kwa watu usiowajua ina neno. Vinyonga wa Usambara wamewahi kusafirishwa nje kuuzwa kama wanyama wa kufugwa, biashara yao inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Zimeni kuandika mahali kwenye kamera ya simu mnapopiga vinyonga, au liondoeni kabla ya kusambaza, na maelezo ya picha yasitaje mti wala njia. iNaturalist yenyewe huficha mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini, kwa hiyo huko mnaweza kutoa taarifa kamili.

Na A3. Karatasi hiyo ina upande mrefu wa sentimita 42. Picha ya buibui baada ya kukatwa imebaki na pikseli 2000 hivi upande huo, ambazo ni kama pikseli 120 kwa kila inchi. Ukutani, mtu akisogea kusoma maelezo, ataona imelegea. Kwa A5 inatosha kabisa, na mtaichapisha kwa ukubwa huo siku kijana atakapopata fremu ya uso. Kinyonga asitundikwe. Chapisheni ua. Limepigwa kwa kamera, halijakatwa, lina pikseli za kutosha, na kosa lake lote ni la rangi, ambalo linarekebishika kwa karatasi nyeupe na safari moja ya kurudi mwambani. Kabla ya kulipia A3, ombeni duka lichape kipande cha ukubwa wa kadi kwanza, mkipeleke mchana kwenye ua lenyewe mlinganishe. Kama urujuani umekaa sawa, chapisheni kubwa, na chini yake andikeni jina la aliyeipiga.